Jenerali Umberto Nobile na Msalaba wa Ncha ya Kaskazini

Katika kurasa hizi tumezoea kusimulia maisha ya watakatifu na wenye heri, watu ambao Mama Kanisa amekwisha kutamka neno lake juu yao. Leo, wapendwa wasomaji, tunawaletea mtu wa aina nyingine. Jenerali Umberto Nobile wa Jeshi la Anga la Italia hakuwa mtakatifu, wala hatumsimulii kwa nia hiyo. Alikuwa mhandisi, mtu wa hesabu na mitambo, mwenye kuujua ufundi wake na kutopenda sana kupingwa ndani yake. Hata hivyo ndiye aliyekabidhiwa na Baba Mtakatifu Pius XI msalaba aupeleke mahali ambapo mguu wa mmisionari haukuwahi kukanyaga. Aliufikisha. Siku moja na nusu baadaye maisha yake yalikatika vipande viwili, na kipande cha pili, chenye miaka 50 kamili, alikitumia kulijibu swali moja: kwa nini kiongozi aliondoka kabla ya watu wake?

Nobile alizaliwa tarehe 21 Januari 1885 katika mji mdogo wa Lauro, mkoa wa Avellino, si mbali na Napoli. Alisoma uhandisi katika Chuo Kikuu cha Napoli, akafanya kazi katika shirika la reli la serikali, na kuanzia mwaka 1911 akavutwa na elimu mpya ya vyombo vya angani. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza alijaribu mara tatu kujiunga na jeshi, na mara zote alikataliwa kwa sababu ya udhaifu wa mwili. Tunaomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwa maana mtu huyu aliyekataliwa na madaktari wa jeshi ndiye atakayelala baadaye juu ya barafu kwa karibu mwezi mzima akiwa na mkono na mguu uliovunjika. Kwa kuwa hakupewa bunduki, alipelekwa kwenye karakana za jeshi zilizotengeneza maputo ya safari mjini Roma, na kuanzia mwaka 1919 akawa mkurugenzi wake.

Yafaa tueleze kidogo maputo hayo yalikuwa kitu gani, kwani siku hizi ni nadra kuonekana. Lilikuwa ni puto kubwa mno, refu kuliko kanisa kuu lolote katika majimbo yetu, lenye umbo la yai lililovutwa, likiwa limejazwa gesi ya haidrojeni iliyo nyepesi kuliko hewa. Chini yake kilining'inia chumba cha kuongozea pamoja na injini kadhaa za kulisukuma mbele. Ndege nyingi za wakati ule ziliweza kuruka kwa saa chache tu, bali puto liliweza kukaa angani siku mbili au tatu bila kutua. Lakini lilikuwa mtumwa wa upepo, tena haidrojeni huwaka kwa cheche moja. Nobile aliujua ubaya huo. Puto lililoitwa Roma, ambalo alishiriki kulisanifu na ambalo Italia ililiuza kwa jeshi la Marekani, liligusa nyaya za umeme huko Norfolk, Virginia, mwezi Februari 1922, likateketea na watu 34.

Umaarufu wake ulianza mwaka 1926. Roald Amundsen wa Norwei, mtu wa kwanza kufika Ncha ya Kusini ya dunia, alitaka kuvuka Ncha ya Kaskazini kwa njia ya anga, na chombo alichokichagua kilikuwa puto lililosanifiwa na Nobile. Lilinunuliwa, likapewa jina la Norge, na Nobile akaajiriwa kuwa rubani wake. Waliondoka Roma mwezi Aprili, wakapita Uingereza, Norwei na Urusi hadi visiwa vya Svalbard. Tarehe 11 Mei wakang'oa nanga wakiwa watu 16 na mbwa mmoja mdogo wa Nobile aliyeitwa Titina, ambaye bwana wake alikuwa amemwokota katika mitaa ya Roma. Usiku wa kuamkia tarehe 12 walifika juu ya Ncha ya Kaskazini, wakadondosha bendera za Norwei, Marekani na Italia, kisha wakaendelea hadi Teller, Alaska, walikotua tarehe 14 baada ya safari ya zaidi ya kilomita 5,000. Walikuwa watu wa kwanza kuruka kutoka Ulaya hadi Amerika kwa kupitia juu ya dunia.

Ingalitosha kuwafanya ndugu. Badala yake waligombana. Amundsen alisema safari ni yake na Nobile ni dereva wa kuajiriwa; Nobile alisema puto ni lake na bila mikono yake wasingefika. Hata ukubwa wa bendera zilizodondoshwa ulitiwa katika ugomvi huo, kwani Amundsen alilalamika kwamba ya Italia ilizidi nyingine zote. Serikali ya Mussolini ilimpandisha Nobile cheo kuwa jenerali na kumtembeza kama nembo ya utukufu wa taifa. Amundsen akaandika kitabu mwaka 1927 na kumshambulia humo bila huruma. Wawili hawa hawakupatana tena kwa maneno. Namna walivyopatana kwa njia nyingine tutaisimulia mahali pake.

Nobile alitaka kurudi, safari hii pasipo Amundsen, kwa puto la Kiitalia lililoitwa Italia, na kwa lengo kubwa zaidi la kisayansi: kupima mvuto wa sumaku ya dunia, umeme wa angahewa, kina cha bahari na ramani ya maeneo ambayo hakuna aliyeyaona. Fedha zilitoka hasa katika jiji la Milano. Katika wakuu wa jeshi la anga wapo waliouona mpango huo kwa jicho baya. Italo Balbo, aliyekuwa akipanda haraka katika wizara ya anga, aliamini kwamba zama za maputo zimepita na kwamba sifa ya Italia iko katika ndege. Kwa upande wa ufundi hakukosea.

Mwishoni mwa Machi 1928 Baba Mtakatifu Pius XI aliwapokea Nobile na wenzake. Papa huyu, kabla ya kuitwa katika kiti cha Petro, alikuwa Padre Achille Ratti, mpanda milima hodari wa Alpi, aliyewahi kulala usiku kucha juu ya majabali penye barafu. Kwa hiyo alizungumza na wasafiri hao kama mtu anayeijua baridi na hatari. Aliwakabidhi msalaba mkubwa wa mti wa mwaloni ili waudondoshe juu ya Ncha ya Kaskazini, na akawaambia kwamba msalaba huu nao, kama misalaba yote, utakuwa mzito kubeba. Huenda waliokuwepo waliyapokea maneno hayo kama utani wa upole wa baba.

Msafara ulifuatana na kasisi. Padre Giuseppe Gianfranceschi, Mjesuiti, mwanafizikia na wakati huo Gombera wa Chuo Kikuu cha Kipapa cha Gregoriana, alikwenda Svalbard kama kapelani. Jina hili lina maana kwetu, kwa sababu miaka mitatu baadaye, tarehe 12 Februari 1931, ndiye aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa Radio Vatikani, ile ile inayotuletea leo habari za Kanisa kwa Kiswahili. Alikuwa ameona kwa macho yake, kutoka upande wa wanaongoja, thamani ya sauti moja hafifu inayopita hewani.

Italia liliondoka Milano katikati ya Aprili na kufika Svalbard tarehe 6 Mei. Safari kubwa ya mwisho ilianza alfajiri ya tarehe 23 Mei, watu 16 wakiwa ndani, na Titina pia. Upepo uliwasukuma mgongoni, wakaenda kasi. Muda mfupi baada ya saa sita usiku, tarehe 24 ikiwa imeingia na jua la kaskazini likiwa bado halijatua, walikuwa juu ya Ncha. Ilikusudiwa kwamba wanasayansi wateremshwe kwa kamba wakapime juu ya barafu, lakini upepo haukuruhusu. Walizunguka kwa muda wa saa mbili. Wakadondosha bendera ya Italia, bendera ya jiji la Milano, medali ya Bikira Maria wa Moto inayoheshimiwa mjini Forlì, na mwishowe msalaba wa Baba Mtakatifu. Kisha wakageuza uso kuelekea kusini, na ule upepo uliowabeba sasa ukawa ukuta mbele yao.

Kwa zaidi ya saa 30 walipambana nao katika ukungu, barafu ikijijenga juu ya puto na vipande vyake vikirushwa na mapangaboi hadi kutoboa kitambaa. Asubuhi ya tarehe 25 usukani wa kupandisha na kushusha ulikwama. Wakasimamisha injini, wakapanda juu ya mawingu, wakaurekebisha, wakashuka tena. Karibu saa nne na nusu puto lilikuwa zito ghafla. Nobile aliamuru injini ziongezwe nguvu, haikusaidia. Lilishuka kinyumenyume, likajipiga juu ya barafu, na chumba cha kuongozea kikang'oka.

Watu 10 walitupwa nje. Mmoja wao, fundi Vincenzo Pomella, alifariki pale pale. Puto, likiwa limepunguziwa uzito, liliinuka tena angani likiwa na watu sita waliobaki ndani yake: Renato Alessandrini, Ettore Arduino, Attilio Caratti, Calisto Ciocca, mwandishi wa habari Ugo Lago na mwanafizikia Aldo Pontremoli. Walioko chini waliwatazama wakipotelea katika ukungu. Hawakuonekana tena hata leo, wala wao wala kipande cha puto. Vitu vingi vilivyowaokoa walioanguka, yaani vyakula, hema na zana, vilitapakaa juu ya barafu kutoka chombo hicho hicho, na inasimuliwa kwamba Arduino, badala ya kushikwa na bumbuazi, alivitupa kwa mikono yake alipokuwa akipaishwa. Tungependa jina la fundi huyu litajwe katika sala za wanaosoma habari hizi.

Walibaki tisa walio hai. Nobile alikuwa amevunjika mkono na mguu na kuumia kichwani, akadhani saa zake zimekwisha. Fundi mkuu Natale Cecioni alikuwa amevunjika mguu. Wengine walikuwa maofisa wa majini Adalberto Mariano, Filippo Zappi na Alfredo Viglieri, mhandisi Felice Trojani, mwanafizikia wa Kicheki František Běhounek, mtabiri wa hali ya hewa wa Kiswidi Finn Malmgren, na Giuseppe Biagi, fundi wa redio. Walisimamisha hema dogo lililotengenezwa kwa ajili ya watu wanne, wakaingia wote. Ili lionekane kutoka angani walilipaka rangi nyekundu iliyokuwa ikitumika katika kupima urefu wa kuruka. Ndiyo maana ulimwengu ulilijua kwa jina la Hema Jekundu. Ndani yake waliweka picha ya Bikira Maria wa Loreto iliyokuwa imesafiri nao, yule ambaye Papa Benedikto XV alikuwa amemtangaza mwaka 1920 kuwa msimamizi wa warukao angani.

Biagi alikuta mtambo mdogo wa akiba wa redio ukiwa mzima. Siku baada ya siku alituma wito wa msaada, na siku baada ya siku alisikia meli yao ya msaada, Città di Milano, ikituma habari za kawaida bila kumjibu. Waliomsikia hawakuwa wale waliokuwa karibu. Tarehe 3 Juni kijana mmoja wa Kirusi aliyependa kuchezea mitambo ya redio, Nikolai Schmidt, akiwa katika kijiji cha mbali, alinasa wito huo kwa kifaa alichokiunda mwenyewe. Jioni ya tarehe 6 Biagi alisikia katika taarifa ya habari kutoka Roma kwamba wamesikika. Wasomaji waliowahi kungoja habari za mgonjwa au msafiri watajua hema lile lilikuwaje usiku huo.

Lakini watatu hawakuwapo kuifurahia. Tarehe 30 Mei Mariano, Zappi na Malmgren walikuwa wameondoka kwa miguu kutafuta nchi kavu, Nobile akiwaruhusu shingo upande. Malmgren, aliyeumia bega na aliyekuwa amempiga dubu kwa bastola siku moja kabla na hivyo kuwapatia wenzake nyama, aliishiwa nguvu njiani. Aliwaomba wamwache, akampa Zappi dira yake ili ampelekee mama yake, nao wakaendelea. Magazeti ya Ulaya baadaye yalivumisha kwamba walimla. Hakuna aliyethibitisha uovu huo. Tunautaja kwa sababu moja tu, kwamba waliouandika walikuwa wameketi penye joto.

Sasa tufike kwenye kiini. Kufikia katikati ya Juni nchi kadhaa zilikuwa zimetuma meli na ndege. Tarehe 18 Amundsen, aliyekuwa hasemi na Nobile kwa miaka miwili, aliondoka Tromsø kwa ndege ya majini ya Kifaransa aina ya Latham akiwa na wenzake watano, aende kumtafuta yule aliyemtukana katika kitabu chake. Ndege hiyo haikufika. Miezi miwili na zaidi baadaye baharini paliokotwa boya lake moja. Hivyo Amundsen alikufa akimtafuta adui yake. Hatuoni maneno ambayo yangeweza kupatanisha zaidi.

Tarehe 20 Juni rubani wa Kiitalia Umberto Maddalena aliliona hema na kudondosha mahitaji. Tarehe 23 rubani wa Kiswidi, Einar Lundborg, alitua na ndege ndogo karibu na kambi. Ndege yake ilikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu. Nobile alikuwa amekwisha kupanga orodha ya kuondoka: Cecioni kwanza kwa kuwa aliumia sana, yeye mwenyewe wa nne, na wa mwisho Viglieri na Biagi, yaani wenye kujua kusoma majira na kuendesha redio. Orodha hiyo tunaiona kuwa ya haki na ya busara. Lundborg aliikataa. Alisema ana amri ya kumchukua jenerali kwanza, kwa kuwa anahitajika kwenye kituo ili aongoze uokoaji, na kwamba wengine atawarudia usiku huo huo. Nobile alipinga, akamwelekeza kwa Cecioni. Rubani akashikilia. Nobile akawauliza wenzake, nao wakamsihi aende. Akabebwa hadi kwenye ndege, Titina pamoja naye.

Je, alikosea? Sisi tulio wachungaji hatuwezi kuisoma habari hii bila kujiuliza kwa ajili yetu wenyewe. Sheria ya baharini inajulikana na kila mvuvi: nahodha hutoka mwisho. Na Bwana wetu ametufundisha tofauti kati ya mchungaji na mtu wa mshahara. Kwa kipimo hicho, jambo lililofanyika lilikuwa na sura mbaya, na Nobile mwenye akili nyingi angepaswa kuiona. Lakini mwenye haki hapimi sura peke yake. Mtu huyu hakukimbia. Alikuwa amelala amevunjika, hawezi kusimama. Hakuomba kutangulizwa, alikuwa ameandika jina lake katikati ya orodha. Aliamini, kwa neno la ofisa mwenzake, kwamba kwenda kwake kutaharakisha wokovu wa waliobaki. Mbele ya dhamiri, tofauti kati ya mtu anayewatoroka watu wake na mtu anayekubali kubebwa kwa ajili yao ni kubwa kama ile ya usiku na mchana, ingawa anayetazama kwa mbali huwaona wote wawili wakiingia katika ndege ile ile. Maoni yetu ni kwamba alipungukiwa na tahadhari wala hakupungukiwa na uaminifu.

Matukio yaliyofuata yalimgeuka. Lundborg aliporudi peke yake kuchukua mtu wa pili, ndege ilipinduka, na mwokozi akawa mmoja wa wanaongoja kuokolewa, hata mwenzake alipokuja kumtoa tarehe 6 Julai. Na Nobile alipofika kwenye meli ya Città di Milano hakukuta kituo cha kuongoza. Nahodha Romagna Manoja alimpokea kwa kumtaka aeleze kwa nini ametangulia, akamweka kama mtu aliye chini ya ulinzi, bila kumwachia mamlaka juu ya lolote. Sababu pekee iliyomfanya akubali kuondoka ilikuwa imechukuliwa mkononi mwake. Alilala chumbani akisikia habari za watu wake kupitia kwa wengine.

Waliowaokoa hatimaye ni Warusi. Meli ya kuvunja barafu Krasin, chini ya mwanasayansi Rudolf Samoilovich, iliwafikia Mariano na Zappi asubuhi ya tarehe 12 Julai, na jioni ya siku hiyo ikawatoa watano wa Hema Jekundu, baada ya siku 48 juu ya barafu. Kati ya watu 16 wa Italia, wanane walirudi. Samoilovich huyo aliuawa mwaka 1939 na serikali ya nchi yake mwenyewe katika misako ya Stalin. Lakini hayo ni ya baadaye.

Tarehe 31 Julai 1928 Nobile aliingia Roma kwa garimoshi, na umati mkubwa ukamlaki kwa shangwe. Serikali haikupendezwa. Iliundwa tume ya uchunguzi, na mwezi Machi 1929 ikatoa hukumu: kuanguka kwa puto ni kosa la Nobile, na kuondoka kwake kambini hakuna udhuru. Waliosalia wa hema hawakumkana. Yeye akajiuzulu jeshini, akavua sare, akarudi kuwa raia mwenye jina lililochafuliwa katika nchi ambayo magazeti yake yote yalisema kwa kinywa kimoja.

Sehemu inayofuata ya maisha yake huwatatiza wasomaji Wakatoliki, nasi hatuirukii. Mwaka 1931 alipanda meli ya Kirusi Malygin kwenda Aktiki, akitumaini bado kupata dalili za wale sita. Kisha akahamia Urusi ya Kisovieti, akaongoza usanifu wa maputo huko kwa takriban miaka mitano. Ilikuwa nchi ile ile ambamo makanisa yalifungwa na mapadre walipelekwa makambini, ambayo Pius XI, yule aliyempa msalaba, aliiombea hadharani mwaka 1930, na ambayo itikadi yake aliilaani katika waraka wa mwaka 1937. Nobile alitafuta kazi ya ufundi wake mahali alipopewa, na walioko huko walikuwa wamewaokoa watu wake. Twaelewa, hatusemi kwamba twaridhika. Mke wake, Carlotta, alifariki mwaka 1934.

Mlango wa pili aliofunguliwa ulikuwa wa Kanisa. Mwaka 1939 alikwenda Marekani kufundisha katika shule ya urubani na uhandisi wa ndege ya Lewis, karibu na Chicago, iliyoanzishwa na Askofu Bernard Sheil kwa ajili ya vijana wa familia maskini. Hapo jenerali aliyefukuzwa na wenye fahari aliwafundisha watoto wa wafanyakazi. Italia ilipoingia vitani dhidi ya Marekani hakufukuzwa, lakini mwaka 1942 alirudi Ulaya.

Mwaka 1945, utawala wa kifashisti ukiwa umeanguka, Jeshi la Anga la Italia lilifuta lawama zote juu yake, likamrudishia cheo na kumpandisha. Mwaka uliofuata alichaguliwa kuingia Bunge la Katiba kama mgombea asiye na chama katika orodha ya Wakomunisti, jambo lililowaudhi wengi waliokuwa wamemwombea. Baadaye alirudi kufundisha Napoli, akaoa tena mwaka 1959, akaandika kitabu baada ya kitabu juu ya barafu ile. Mwaka 1969 sinema kuhusu Hema Jekundu ilimwonyesha akiwa mzee anayewaita usiku waliokufa ili wamhukumu. Mwenyewe alikuwa bado hai, na umri wake ulikuwa miaka 84.

Aliaga dunia mjini Roma tarehe 30 Julai 1978, akiwa na miaka 93, juma moja kamili kabla ya kifo cha Papa Paulo VI. Katika mji wake wa Lauro na katika makumbusho ya Jeshi la Anga huko Vigna di Valle, kando ya ziwa Bracciano, huhifadhiwa vitu vya safari zake.